Basi Halikuwa la Mtu

6 Juni

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo. Kaka yako mzima, ila mgongo unamsumbua kwa kusimama siku nzima juu ya vichwa vya watu. Amenunua kiti kipya cha kunyolea, kile cha kuzunguka, na tangu kifike saluni yeye ndiye anayekikalia kuliko wateja. Mimi niko palepale kwenye ufuaji wa hospitali, mashuka asubuhi, mashuka jioni. Kifua changu kizima, usiwe na wasiwasi. Je, shemeji hajambo na kazi yake ya mizigo uwanja wa ndege? Na duka lenu la miwani, bado mnapata wateja, au siku hizi watu wote wanaona vizuri?

Sasa kilichonikalisha chini kuandika. Chiriku wetu amefaulu. Amechaguliwa chuo kikuu, na chuo chenyewe ni hicho cha mjini kwenu. Kaka yako alipopata habari alimwacha mteja nusu kichwa akaja mbio nyumbani, wembe mkononi. Majirani walidhani tunapigana.

Anatakiwa aripoti mwanzo wa Septemba. Nitamleta mimi mwenyewe, kwa treni. Najua inakwenda polepole, lakini inabeba sanduku, godoro na ndoo bila maneno, na mtu anapata nafasi ya kuongea na mwanawe. Tukishuka tutakwenda moja kwa moja chuoni. Wala usijisumbue kuja stesheni, najua una kazi nyingi. Nikishamweka mtoto mahali pake nitapita kukusalimu.

Kaka yako anasema niandike kwamba tumefurahi sana. Haya, nimeandika.

Wifi yako,
mama wa Chiriku


20 Juni

Wifi,

Barua yako imefika jana. Nimeisomea dukani, nimevaa miwani ya mteja maana yangu sikujua nimeiweka wapi, na machozi yakachafua vioo vyote viwili. Sisi wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema kaka yangu amwagiwe maji ya moto mgongoni.

Pipi wangu! Pipi chuo kikuu! Unajua mimi sishangai? Huyu si ndiye aliyekuwa akisimama hapa dukani kwangu mbele ya ule ubao wa herufi wa kupimia macho, hajafikisha hata miaka mitano? Mteja akisita kwenye mstari wa chini, yeye anamsomea kwa sauti. Watu walikuwa wanakasirika, mimi natamani kupasuka kwa fahari. Kusoma kote huko kulianzia ukutani kwangu, wifi. Nasema tu.

Lakini treni? Mtoto wa watu akae kwenye benchi la mbao usiku na mchana, afike chuoni kiuno kimekatika, macho mekundu kama ametoka vitani? Hapana. Shemeji yako kazini kwake wanampa tiketi moja ya ndege kila mwaka. Ya mwaka huu ilikuwa yangu, niende kwenye harusi ya shoga yangu. Siendi tena. Tiketi imo humu ndani, na jina lake tumelijaza. Atapaa asubuhi, mchana yuko mikononi mwangu, na mizigo yake shemeji yako ataishusha kwa mkono wake.

Tena chuo si mbali na kwangu, ni basi moja tu. Nasikia bwenini wanabanana. Nimekipaka rangi kile chumba cha nyuma.

Mbusu Pipi mashavu yote mawili.

Shangazi yake


3 Julai

Wifi,

Hatujambo. Kaka yako hajambo.

Tiketi imefika. Niliipokea mimi, nikaiweka juu ya kabati. Nashukuru, na shemeji namshukuru.

Ila tuwekane sawa. Kwanza, hapa nyumbani hakuna mtu anayeitwa Pipi. Pili, tiketi ni ya mtu mmoja, nimeisoma mbele na nyuma. Maana yake mtoto ataniaga huku, na atakayemwona akishuka ngazi ni wewe. Mimi nibaki nimekumbatia godoro. Tatu, Chiriku anaogopa ndege. Hata ngazi ya kubadilishia balbu anaiogopa.

Kaka yako anasema, “Mwache mtoto apande. Sisi wengine hizo ndege tutakufa tumeziona matumbo tu.” Huyo amezoea kukata, anadhani kila jambo linakwisha kwa mkasi.

Wifi, nikwambie kitu. Nilipolazwa na kifua ukamchukua Chiriku ana miaka mitatu, sijasahau wema ule hata siku moja, na sitausahau. Lakini sijasahau pia siku niliyokuja kumchukua, miaka miwili baadaye. Pale stendi nilichuchumaa, nikasema, “Njoo kwa mama.” Akageuka akaenda kwako. Nikamng'oa kwenye gauni lako, nikapanda naye basi. Alilia njia nzima, “Namtaka mama, namtaka mama,” na mama mwenyewe ndiye niliyempakata. Abiria walinitazama kama nimeiba mtoto.

Kwa hiyo safari hii nitamleta mimi. Simu sitapiga. Mambo haya ukiyasema kwenye simu ya posta foleni nzima inasikia.

Ni mimi,
mama yake


17 Julai

Wifi,

Salamu zako nimezipokea, ingawa zilikuwa za kubana. Sisi wazima. Shemeji yako amebanwa kidole na mzigo, kinaendelea vizuri.

Habari ya ndani ya basi hukuwahi kuniambia. Na mimi ya kwangu sikuwahi kukwambia, basi tuko sawa. Siku ile ulikuja mapema kuliko ulivyoandika. Nguo zake mbili zilikuwa bado kwenye kamba, mbichi. Mlipoondoka nilisubiri zikauke. Zilipokauka nikashindwa kuzianua, nikamwita jirani aje azianue yeye. Hapo tuishie.

Mungu hakunijalia mtoto, hilo unalijua na dunia nzima inalijua. Sikutaka kukunyang'anya wako. Tiketi ni moja kwa sababu wanatoa moja. Wangetoa mbili, ningeleta mbili. Au pengine nisingeleta, sijui, usinilishe yamini.

Ila hii ya kuogopa ndege ndiyo naisikia kwako. Mwenyewe kaniandikia wiki iliyopita kuniuliza kama madirisha ya ndege yanafunguliwa, maana anataka atoe mkono aguse mawingu. Nilicheka mpaka nikaangusha fremu ya mteja. Alivyo na maneno yule mtoto! Barua zake zote nimeziweka, tangu ile ya kwanza alipoingia sekondari. Nilidhani unajua tunaandikiana.

Hukujua?

Shangazi


30 Julai

Wifi,

Sikujua.

Nilimwita Chiriku jikoni. Nikamuuliza, “Unamwandikia shangazi yako?”

“Ndiyo, mama.”

“Tangu lini?”

“Tangu zamani. Mbona kila mara nakwambia shangazi anakusalimu?”

“Nilidhani ni salamu za kwenye barua za baba yako.”

“Mama, umewahi kumwona baba ameshika kalamu?”

Nikameza hiyo. Nikamuuliza, “Na huko unamwandikia nini?”

“Mambo tu.”

Mambo tu! Wifi, miaka yote hii, nikirudi kazini vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni, nikimuuliza habari za shule, nilikuwa napewa neno moja: “Nzuri.” Mimi napewa nzuri. Wewe unapewa mambo. Mtoto niliyempa jina la Chiriku kwa kuongea kwake, kumbe chiriku mwenyewe anaimba kwako, kwangu anakuja kutua tu.

Nilipandisha sauti, sikatai. Akaniambia, “Mama, mnanigombania kama kiti cha dirishani.” Halafu akatoka nje akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Kaka yako, kwa kutafuta amani, kaleta wazo la tatu. Ana mteja mwenye gari, atuazime, twende wote watatu tukiimba. Gari lenyewe nimeliona. Haliwaki mpaka lisukumwe. Nikamwambia alisukume yeye mpaka chuoni, sisi tutamkuta huko.

Nimekata tiketi mbili za treni, yangu na yake. Tunaondoka tarehe 30 Agosti jioni. Tutafika kesho yake mchana. Hiyo ya ndege nairudisha humu, nenda harusini kwa shoga yako.

Narudia, usije stesheni.

Mama yake


30 Agosti

Wifi,

Leo sina salamu. Yuko kwako?

Niliomba ruhusa kazini nikatoka mapema, nije tumalize kufunga mizigo tuwahi treni. Nimeingia chumbani, kitanda kitupu, mbao tu. Godoro halipo. Sanduku halipo. Kandambili zake ziko mlangoni, moja juu ya mwenzake.

Nikakimbia saluni. Kaka yako alikuwa ameketi kwenye kile kiti chake, mteja hana, amenipa mgongo na ananitazama kwenye kioo.

“Mtoto yuko wapi?”

“Ameondoka asubuhi, ulipokwenda kazini. Nimemsindikiza mimi.”

“Na nani?”

“Peke yake.”

“Kwenda wapi?”

“Chuoni. Kwani alikuwa anakwenda wapi?”

“Kwa nini, baba Chiriku? Tiketi yake ninayo hapa, imo kwenye mkoba wangu!”

“Ameniomba nisiseme mpaka atakapokuandikia mwenyewe. Nimemwahidi.”

Nikamwambia yote yaliyokuwa mdomoni, mengine siwezi kuyaandika. Kajizungusha na kiti chake. Lakini mimi si mtoto mdogo. Mlipanga. Umetuma tiketi nyingine, wewe na kaka yako, damu moja, mmenizunguka. Sasa hivi nikiandika mtoto ameshafika kwako, amekaa kwenye chumba chako cha rangi mpya, anakupa mambo.

Umeshinda, wifi. Mara ya kwanza nilikuwa mgonjwa. Safari hii nilikuwa naanika mashuka.

Nijibu neno moja tu. Yuko kwako?


8 Septemba

Wifi,

Hayuko kwangu. Neno lako ndilo hilo. Sasa nipe nafasi ya mengine.

Barua yako imenikuta nimeshaumbuka vya kutosha. Uliniambia nisije stesheni. Nilikuja. Nilifunga duka, nikavaa gauni jipya, nikasimama nyuma ya nguzo ili nisikuudhi. Sikutaka kuwasemesha. Nilitaka tu nimwone anavyotembea sasa. Treni ikaingia, watu wakashuka, wakapungua, wakaisha. Wafagiaji wakapanda na mafagio yao. Mmoja akaniuliza, “Mama, umepoteza mtu?” Nikamwambia nasubiri mvua ipite. Jua lilikuwa kali.

Nikasema labda mmegeuza mawazo, nikakimbia uwanja wa ndege kwa shemeji yako. Akanitazama. “Mke wangu, tiketi ya mtoto si iko ndani ya droo yetu?” Nilikaa juu ya mizigo ya watu nikalia.

Kesho yake nikaenda chuoni. Nilizungushwa majengo mpaka viatu vikaniuma. Mwisho nikamkuta nyuma ya bweni la wasichana, kwenye mabomba, anafua shuka. Wifi, amekuwa mrefu, hukuniambia. Ana mabega ya kaka yangu. Ila anavyokamua shuka ni wewe mtupu, analishika kama analidai.

“Shangazi!”

“Umefikaje, mwanangu?”

“Kwa basi. Nilikaa juu ya injini njia nzima, tazama miguu.” Ilikuwa imevimba kweli.

“Kwa nini basi? Treni ilikuwepo, ndege ilikuwepo.”

Akaangalia povu. Halafu akasema, “Ningekuja kwa ndege, mama angelia. Ningekuja kwa treni, ungelia wewe. Basi halikuwa la mtu.”

Nilikuja na maneno mengi ya kumgombeza. Nikashika upande wa pili wa shuka tukakamua.

Hakuna aliyekuzunguka, wifi. Nauli alimwomba baba yake, na baba yake alimpa kwa sababu alichoka kutuona tukivutana. Ndivyo alivyoniambia. Amesema kuandika kwako kumemshinda mara kadhaa, anaandika anachana. Msubiri.

Lakini usidhani nimefaidi kwa kukutangulia. Alinipeleka chumbani kwao. Juu ya kitanda chake kabandika picha yako, ile umesimama mbele ya mashine za kufulia, mkono kiunoni, umekunja uso kwa jua. Nikatafuta ya kwangu. Nikatafuta ukutani, kwenye meza, nikajifanya naangalia koti nikatazama mpaka nyuma ya mlango. Haipo. Nilipomwambia habari ya kuja kukaa kwangu alisema, “Nitakuja likizo, shangazi,” kwa ile sauti ya mtu anayekataa kuongezwa chakula. Halafu wenzake wakamwita dirishani, akaniaga.

Nilirudi nyumbani nikamnunia shemeji yako jioni yote, na hana kosa. Nakuonea wivu, wifi. Nimeandika na sifuti.

Jumapili wanaruhusu wageni. Njoo. Safari hii nitakuja stesheni hata ukinikataza, na sitasimama nyuma ya nguzo.

Wifi yako


19 Septemba

Wifi,

Hatujambo. Kaka yako anaendelea vizuri. Tumeanza kuzungumza tena, habari za chumvi na maji, tutafika.

Barua ya mtoto imekuja. Kurasa nne. Sikwambii ndani mna nini, ni mambo.

Ile picha sikumpa mimi. Nimefungua albamu nimekuta pengo.

Nimepata ruhusa kazini. Nitafika Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, mchana.

Ni mimi


14 Oktoba

Wifi yangu,

Nimefika salama. Kaka yako alikuja kunipokea na lile gari la mteja, na nililisukuma, usimwambie shemeji. Nashukuru kwa kitanda, kwa maji ya moto kila asubuhi, na kwa miwani. Sikujua kama nilikuwa sioni vizuri. Jana kazini nimegundua madoa kwenye mashuka niliyokuwa nayapitisha kila siku. Msimamizi ananishangaa.

Kuna jambo sikukwambia nikiwa kwako. Nilipokuona stesheni sikukujua mara moja. Nilikuwa natafuta yule mwanamke wa stendi, kijana, mwenye gauni ambalo mtoto alikuwa amelishika. Miaka yote hii nimekuwa nikigombana na huyo. Nikakuta mtu mzima mwenye mvi, amebeba mwavuli wa watu wawili.

Lakini hilo silo lililonifanya nishike kalamu. Kuna jingine, nimelibeba kwenye treni njia nzima, na lisipotoka litaniozea.

Tulisimama mimi na wewe langoni pale chuoni, bega kwa bega. Hukuwa umenizidi hata hatua. Askari wa lango alipomwita, Chiriku akatokea kule mwisho wa njia, ana vitabu kwapani. Akatuona. Akaanza kukimbia. Mimi nikafungua mikono. Na wewe ukafungua mikono.

Akakukumbatia wewe kwanza.

Usiniambie ni kwa kuwa ulikuwa upande wa njia. Niliona. Nilicheka kwa sababu wewe ulikuwa unacheka, akaja kwangu baadaye, akanikaza, akaniambia nimenenepa, tukaenda tukakaa kwenye yale majani tukaongea, siku ikawa nzuri kweli. Kila kitu kilikuwa kizuri. Lakini niliona, wifi. Naosha shuka naliona. Nakaa na kaka yako naliona.

Sikulaumu. Nauliza tu, maana wewe ndiye uliyekuwa ndani ya ile mikono. Je, ni mazoea tu? Au ndivyo ilivyo?

Wifi yako


27 Oktoba

Wifi,

Shemeji yako hajambo, kidole kimepona, kucha haijarudi. Mimi mzima. Dukani kuna ubishi wa watu wanaotaka fremu moja. Nafurahi kuwa miwani inakufaa. Ukiona inakuteleza puani ipashe moto mikono yake kidogo uikunje, usipeleke kwa fundi wa mtaani.

Swali lako nililisoma asubuhi nikaliweka chini ya kaunta. Nimelikwepa siku tatu. Ningeweza kukujibu kwamba ndiyo, ndivyo ilivyo, na wewe ungeniamini, maana ulishaniamini kabla hujauliza. Nilikaribia.

Ni kweli alinikumbatia mimi kwanza. Alinikumbatia kwa nguvu, vitabu vyake vikanichoma mbavuni. Nami nikafumba macho. Nilikuwa nimengoja jambo lile tangu siku ya zile nguo kwenye kamba, nilitaka nilishibe.

Lakini kichwa chake kilikuwa begani kwangu, wifi, shavu lake limenigusa shingo. Nikalihisi linageuka. Nikafumbua macho nione anatazama nini.

Alikuwa anakutazama wewe. Mikono yake iko kwangu, macho yake yapo kwako, anakuangalia kama mtu anayeomba ruhusa. Wewe ulikuwa umeinama unajifanya unapangusa kiatu, hukuona.

Nimeona nikuandikie, ingawa imeniuma kuliko chochote nilichowahi kukuandikia. Usinishukuru. Ukinishukuru nitaichukia barua hii.

Shangazi wa Chiriku